Mzigo wa mwalimu wa msingi si kutathmini, ni kunakili

Mhariri,

Muhula unapokaribia kufungwa, ukiingia afisi za walimu za shule zetu za msingi, kuanzia Likoni hadi Kisauni, utawakuta wameinamia majedwali ya alama za tathmini. Wanajaza 3, 2, 3, 3, 4, 2 mbele ya majina ya watoto ambao wakati huo wako nje wanacheza au washakwenda nyumbani. Baadhi ya alama hizo zimetokana na kazi ambayo mwalimu aliiona kwa macho yake. Nyingi zimetokana na kumbukumbu, na nyingine ni za kukisia. Mzazi anazipokea, tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, inazipokea, na mtoto anapanda darasa nazo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini hali iko hivi, na ni mambo gani shule za Mombasa zinaweza kuyarekebisha zenyewe bila kungoja waraka kutoka Nairobi.

Nianze na hesabu, maana malalamiko ya walimu hayatiliwi maanani mpaka yawekwe kwenye tarakimu. Baada ya masomo kupunguzwa kufuatia ripoti ya 2023 ya jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, Gredi ya 4 hadi ya 6 zina masomo 8 na vipindi 35 kwa wiki, kila kipindi dakika 35. Wiki nzima ya masomo, basi, ni saa 20 na dakika 25. Sasa mchukue mwalimu mwenye vipindi 28 na madarasa ya watoto 60, idadi isiyomshangaza mtu yeyote anayezijua shule za umma za Kisauni au Changamwe. Akitaka kusahihisha daftari la kila mtoto kwa kila kipindi, ana madaftari 1,680 kwa wiki. Akilipa kila daftari dakika moja tu, hizo ni saa 28. Yaani kusahihisha peke yake kunazidi saa zote za masomo za wiki, na bado hajaandika maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi aliyofunza, rekodi ya maendeleo ya mwanafunzi, sajili ya mahudhurio na fomu za tathmini ya utendakazi wake mwenyewe, TPAD. Wiki ya zamu ikimfika, anatakiwa pia langoni asubuhi kabla ya watoto kuingia.

Hakuna binadamu anayeiweza kazi hiyo, na kwa hivyo haifanywi. Kinachofanywa ni kujaza. Walimu hawa si wavivu. Jedwali lina visanduku, kila kisanduku lazima kiwe na tarakimu, na siku ya mwisho imetangazwa. Mwalimu mwaminifu kabisa, akiwekwa mbele ya visanduku mia tano na jioni moja, atakisia.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi tulikotoka, mtihani mmoja mwishoni na yaishe. Sikubaliani nao. KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilidumu kuanzia 1985 hadi 2023, na kwa miaka hiyo yote mtoto aliyeshindwa kusoma katika darasa la tatu aliweza kufika la nane bila mtu kuandika popote kwamba hasomi. Tathmini ya shuleni, ikifanywa kwa ukweli, inamkamata mtoto huyo mapema. Tena ina uzito wake: kwa mpangilio ulioanza na KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ya kwanza ya 2022, tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 hubeba asilimia 20 kila moja, na mtihani wenyewe wa kitaifa asilimia 40. Matokeo hayo ya Gredi ya 6 nayo yanaingia kwa asilimia 20 katika hesabu ya Gredi ya 9, ambayo watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wake wa kitaifa, KJSEA, 2025. Alama iliyokisiwa leo inamfuata mtoto kwa miaka.

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kudhani kwamba kutathmini ni kusahihisha kila kitu cha kila mtoto kila siku. Mtaala wa umilisi tunaoufundisha hausemi hivyo. Unamtaka mwalimu ajue mtoto amefika wapi katika matokeo yanayotarajiwa ya kila mada ndogo: amezidisha matarajio (4), ameyafikia (3), anayakaribia (2), au yuko mbali nayo (1). Ili kulijua hilo hahitaji kumpima mtoto mara 48 kwa muhula. Mara sita zinatosha, zikiwa za kweli.

Njia inayofanya kazi katika darasa kubwa ni hii. Chukua Kiswahili, chenye vipindi 4 kwa wiki, yaani 8 kwa wiki mbili. Ligawe darasa la watoto 60 katika makundi 8, manne ya watoto 8 na manne ya watoto 7. Usiwagawe kwa madawati, maana marafiki huketi pamoja na huandika yanayofanana. Chukua majina kutoka sajili kwa kurukaruka, wenye nguvu wachanganyike na wanaosuasua. Kila kipindi kina kundi lake. Mwalimu anafundisha darasa zima kama kawaida, lakini watoto wanapoanza kufanya kazi, macho na masikio yake yanakwenda kwa kundi la siku hiyo, na jambo analolitazama ni moja tu. Kama ni kusoma kwa ufasaha, hatazami mwandiko. Kama ni upatanisho wa ngeli, hatazami tahajia. Wasiofika siku ya kundi lao majina yao yanaandikwa chini ya ukurasa, wanatazamwa kipindi kinachofuata. Baada ya wiki mbili kila mtoto ametazamwa kwa karibu mara moja, na katika muhula wa wiki 12 ametazamwa mara sita.

Rekodi iwe moja. Daftari moja kubwa la jalada gumu kwa kila somo, si karatasi za kupotea. Majina yaandikwe mara moja, ukingo wa kushoto wa upande wa ndani wa jalada la mbele, kisha karatasi zinazofuata zikatwe ukingo wa nje upana wa vidole vitatu, ili majina yaonekane kila unapofungua. Jambo dogo hili linamwokoa mwalimu asinakili majina 60 kila mada mpya. Mtoto aliyefikia matarajio anawekewa nukta. Aliyezidisha, alama ya kujumlisha. Anayekaribia, kistari. Aliye mbali, duara. Na maneno yaandikwe kwa wale wenye kistari na duara peke yao, maneno matano yanatosha: "anaruka silabi ya mwisho", "hajui thamani ya sifuri". Ukiandika kuhusu kila mtoto utachoka kufikia wiki ya 2 na daftari litalala kabatini. Ukiandika kuhusu wanaohitaji msaada, daftari litabaki mkononi.

Maneno hayo matano ndiyo moyo wa kazi yote. Mpe Gredi ya 4 hesabu ya kutoa, 402 toa 157. Jibu ni 245. Katika darasa la watoto 60 utapata majibu mengi yasiyo sahihi, lakini matatu yatajirudia. Mmoja ataandika 355. Huyu kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2, 5 toa 0, 4 toa 1. Hajaelewa kwamba tunatoa namba nzima ya chini kutoka kwa ya juu; mrudishe kwenye vijiti na vifungu vya makumi. Wa pili ataandika 345. Huyu amekopa vizuri mpaka akapata 12 kwenye mamoja na 9 kwenye makumi, ila amesahau kwamba mamia sasa ni 3, si 4. Anahitaji kuzoeshwa kuikata ile 4 na kuandika 3 juu yake kabla ya kuendelea. Wa tatu ataandika 255. Amekopa kutoka mamia, akafanya makumi kuwa 10, lakini alipoyakopa makumi kwa ajili ya mamoja hakuyapunguza yabaki 9. Kwenye jedwali la mwisho wa muhula wote watatu wamepata kosa na pengine wote wamepewa 2. Ila haya ni maradhi matatu yenye dawa tatu, na mwalimu aliyeandika "2" peke yake, wiki ijayo atawafundisha wote watatu somo lilelile, kwa sauti ya juu zaidi.

Ndiyo maana nasema mzigo wetu si kutathmini. Kuliona kosa la 355 kunachukua nukta ya muda, na mwalimu yeyote mzoefu hulitambua akipita tu kando ya dawati. Kinachomla muda ni kuinakili alama hiyohiyo kutoka daftari la mtoto kwenda kwenye karatasi ya darasa, kutoka hapo kwenda kwenye rekodi ya maendeleo, kisha kwenye ripoti ya mzazi, kisha kwenye tovuti, na njiani lile kosa lenyewe limeshapotea, imebaki tarakimu.

Kwa masomo ambayo mwalimu anataka kujua darasa zima limeelewa au la, kuna njia ya dakika chache isiyohitaji rekodi yoyote. Daftari la kurasa 32 lina karatasi 16. Kila karatasi ikikatwa vipande vinne unapata vipande 64, vya kutosha darasa la 60 na vinne vya akiba. Dakika tano kabla ya kengele kila mtoto anajibu swali moja, anaandika jina, anakiacha kipande mezani anapotoka. Mwalimu anavipanga mafungu matatu: wameelewa, wamekaribia, hawajaelewa. Ni sekunde tano kwa kipande, yaani dakika tano kwa darasa zima. Hakuna alama wala wino mwekundu. Kesho somo linaanza na fungu la tatu. Likiwa kubwa kuliko mengine mawili, somo lifundishwe upya kwa njia nyingine, hata kama maazimio ya kazi yanasema twende mbele. Maofisa wanaokagua waelewe hilo: mwalimu aliye nyuma ya maazimio kwa kipindi kimoja kwa sababu watoto 35 hawakuelewa anafanya kazi yake sawasawa.

Insha ndiyo inayowavunja mgongo walimu wa lugha. Insha ya ukurasa mmoja ya mtoto wa Gredi ya 5, ukiisoma yote na kurekebisha kila kosa, inachukua dakika nane hivi. Kwa watoto 60 hizo ni saa nane kwa insha moja. Na ukishamaliza, mtoto anapokea ukurasa uliojaa wino mwekundu, anaangalia alama iliyo chini, analifunga daftari. Saa nane zimekwenda. Afadhali watoto wote waandike kila wiki lakini mwalimu asome kwa makini 15 tu, zamu kwa zamu, na hata hao 15 asahihishe jambo moja lililofundishwa wiki hiyo, kwa mfano kugawa aya. Wengine 45 wabadilishane madaftari wawili wawili na maswali matatu yaliyoandikwa ubaoni: Je, kila aya ina wazo lake? Je, kila sentensi imeanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta? Ni sehemu gani hukuielewa? Mwanzoni watazozana na kuandikiana sifa za uongo. Ikifika wiki ya 4 wanaanza kusomana kweli, mradi mwalimu ameonyesha ubaoni jinsi ya kujibu lile swali la tatu kwa adabu.

Nikiwa bado kwenye insha, mtoto wa Mji wa Kale au Likoni aliyelelewa kwa Kimvita akiandika "ndia" mahali pa "njia" au "mato" mahali pa "macho", asiwekwe kundi moja na mtoto asiyeweza kuliunda neno. Wa kwanza anaijua lugha kuliko wengi wetu na anahitaji kuonyeshwa umbo la vitabuni mara moja au mbili. Wa pili anahitaji kurudi kwenye silabi. Ukiwapa wote duara umempotosha mmoja na hujamsaidia mwingine.

Kuhusu alama na maoni, kuna utafiti wa Ruth Butler wa 1988 uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi Israeli ambao ungefaa ubandikwe katika kila afisi ya walimu. Watoto waliopewa maoni peke yake juu ya kazi yao walifanya vizuri zaidi kazi iliyofuata. Waliopewa alama peke yake hawakupanda, na waliopewa alama pamoja na maoni nao hawakupanda. Alama ikiwepo mtoto haangalii kingine. Kwa hivyo katikati ya muhula andika maoni kwenye daftari la mtoto, alama ikae kwenye daftari lako. Na maoni yawe ya kumwambia la kufanya. "Jitahidi" si maoni. "Soma tena sentensi ya tatu, nani alikwenda sokoni?" ni maoni, na mtoto apewe dakika tano za kipindi kijacho alijibu palepale, maana maoni yasiyotengewa muda wa kufanyiwa kazi ni jasho la bure.

Kusoma kwa sauti kunahitaji mpango wake. Kipimo cha dakika moja kilichozoeleka tangu mradi wa kusoma wa Tusome bado ndicho rahisi kuliko vyote: kifungu cha maneno kama mia kutoka kitabu cha darasa, simu ya kuhesabu dakika, mtoto asome, mwalimu ahesabu maneno yaliyosomwa sawa. Kwa mtoto mmoja, pamoja na kumwita na kuandika, ni dakika mbili. Ukitaka kuwapima 60 kwa siku moja utapoteza saa mbili na darasa litakuwa soko. Watatu kwa siku, nje kwenye baraza wenzao wakiandika, unawamaliza kwa wiki nne za masomo. Linaloharibika mara nyingi ni kifungu. Kikitumiwa kilekile kwa wiki nne, watoto wa mwisho huwa wamekihifadhi kwa kuwasikia wenzao, na mwalimu anafurahia maendeleo ambayo hayapo. Tayarisha vinne, vya ugumu mmoja, kimoja kila wiki.

Hapa kwetu kuna mambo ambayo ratiba ya kitaifa haiyajui. Kaskazi ya Januari hadi Machi inalifanya darasa la mabati lisikalike baada ya saa sita. Tathmini ya mdomo na hesabu nzito iwekwe kabla ya saa tano. Mchana uachiwe kazi za mikono na kusoma kimya. Ramadhani ikiangukia muhula wa kwanza, kama ilivyo miaka hii, mtoto aliyefunga asiitwe kusoma kwa sauti saa nane mchana akaandikiwa kwamba hana ufasaha. Koo lake kavu si kiwango chake cha kusoma. Watoto wengi pia wana madrasa jioni na Jumamosi. Mpango wowote wa kuwasaidia walio nyuma unaotegemea kuwabakisha shuleni baada ya masomo utawakosa walewale unaowataka. Msaada uingie ndani ya siku ya shule: dakika kumi za mwanzo wa kipindi, fungu la tatu likiwa na mwalimu na wengine wakiwa na kazi ya kujisahihisha.

Vigezo navyo vinahitaji kuandikwa upya kwa lugha ya kinachoonekana. Kigezo kinachosema mtoto "anaonyesha ubunifu kwa kiwango cha juu" hakimsaidii mwalimu yeyote. Wawili wakiutazama mkeka mmoja watatoa alama mbili. Tuseme ni Sanaa Bunifu na watoto wanasuka ukili, ule ukanda wa miyaa (majani ya kusukia) unaoshonwa kuwa mkeka, kazi ambayo nyumba nyingi za Pwani bado zinaijua. Kwa kiwango cha 1, mtoto hajaweza kuanza bila kushikwa mkono. Kiwango cha 2, anasuka lakini anaruka miyaa na ukili una mapengo. Kiwango cha 3, ukili wa shubiri moja hauna pengo na upana wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Kiwango cha 4, hayo yote, na anaweza kuunga mwaa mpya katikati bila kiungo kuonekana na kumwelekeza mwenzake. Mwalimu anaweza kutembea katikati ya watoto na kuviona viwango hivyo akiwa amesimama. Walimu wa gredi moja wakikaa saa moja mwanzoni mwa muhula wakaviandika vigezo vya mada kubwa hivi, muhula mzima unakuwa mwepesi.

Kazi hizo zifanyiwe darasani. Mradi unaopelekwa nyumbani unarudi umefanywa na mama, au na kijana wa saiba, duka la kompyuta, kwa malipo, na mwalimu anampa alama mtu asiyekuwa mwanafunzi wake. Mzazi wa kibarua anabaki na deni la karatasi za manila na picha za kuchapisha. Vifuu, makopo, mchanga na makuti yako kila mahali. Na faili ya kazi za mtoto isiwe ghala: vipande vitatu kwa muhula kwa kila somo, cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho, kila kimoja kikiwa na tarehe. Zaidi ya hapo unyevu wa hapa unazioza karatasi kabla hazijasomwa na mtu.

Mwisho wa muhula unapofika wa kugeuza nukta na vistari kuwa tarakimu, jihadharini na wastani. Mtoto aliyepata 1, 1, 2, 3, 3, 3 ana wastani wa 2.17, na jedwali litasema anakaribia matarajio. Huyu ameshafika. Alama tatu za mwisho zinasema ukweli kuliko zote sita, na wastani unamwadhibu kwa mambo ambayo hakuyajua Januari, ambayo ndiyo aliyokuja shuleni kujifunza.

Upakiaji wa alama kwenye tovuti ya KNEC ndio unaowakesha walimu wakuu. Darasa la watoto 60 kwa masomo 8 ni alama 480, gredi tatu ni 1,440, na mara nyingi ni mtu mmoja mwenye nywila na simu moja yenye bando. Mambo mawili huharibika. La kwanza, wote hungoja siku ya mwisho na tovuti inakwama. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: sajili ya shule imepangwa kivyake na orodha ya tovuti imepangwa kivyake, mtu anaruka mstari mmoja, na kuanzia hapo kila mtoto anapata alama za jirani yake hadi mwisho wa orodha. Pakua orodha ya tovuti kwanza, wape walimu wa masomo waandike alama kwa mpangilio huohuo tangu mwanzo, kisha wapakie watu wawili, mmoja akisoma jina na alama, mwingine akiandika, na kila baada ya watoto kumi wasimame walinganishe. Mkifanya somo moja kwa siku katika wiki mbili za mwisho, hakuna atakayekesha. Fedha za kuchapisha maswali nazo zitengwe mapema. Maswali ya kurasa nne kwa watoto 60 ni kurasa 240 kwa somo moja, na ruzuku ya Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hata ikifika kwa wakati, inadaiwa na mengine mengi.

Sasa ari. Kila mwaka tunasikia kwamba walimu wamekata tamaa na kwamba wanahitaji semina ya kuwatia moyo. Mwalimu hapati ari kwa kupigiwa makofi ukumbini. Anaipata akimwona mtoto aliyekuwa akiandika 355 mwezi wa pili akiandika 245 mwezi wa tatu, na akijua kwamba ni yeye aliyemvusha. Mfumo unaomfanya ajaze visanduku jioni unamnyima kitu hicho, kwa sababu hamwoni tena mtoto, anaiona safu. Ndiyo maana walimu wachanga, waliotoka vyuoni wakiwa na moto, wanafifia mwaka wa pili au wa tatu hata kabla mishahara haijawa hoja. Sisemi mshahara si hoja. Ni hoja, na vyama vya walimu viendelee kuipigania, lakini hata mwalimu anayelipwa vizuri atachoka kuandika uongo.

Kinachowasaidia walimu kubaki hai ni wenzao. Dakika 40 kwa wiki, walimu wa gredi moja, madaftari matano ya watoto mezani, swali moja: huyu amekosea wapi na kesho tufanye nini? Pasiwe na kumbukumbu za kikao wala ofisa. Mwalimu wa mwaka wa kwanza atajifunza hapo kuliko katika kozi ya wiki, na mwenye miaka 25 kazini atakumbushwa kwamba ujuzi wake una wanaouhitaji. Shule ambazo zina sekondari msingi ndani ya ua mmoja ziwaalike na walimu wa Gredi ya 7. Wao ndio wanaowapokea watoto wetu na wanajua ni nini kimekosekana.

Walimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wanasahaulika katika mazungumzo haya. Wana vipindi 31 vya dakika 30, mara nyingi vyote ni vya mtu mmoja na darasa lilelile, bila kipindi kimoja cha kupumua. Mwalimu mkuu anayetaka kufanya jambo moja tu la maana aanze hapo: mwalimu mwingine awachukue watoto hao japo vipindi viwili kwa wiki.

Ombi langu kwa walimu wakuu wa kaunti hii na maofisa wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ni la mambo machache. Daftari lile moja la jalada gumu likubaliwe kuwa ushahidi wa TPAD, mwalimu asiandike upya kwa ajili ya mkaguzi. Anayekuja kuangalia somo aulize kwanza, "Nionyeshe mtoto aliyekuwa nyuma na umemfanyia nini," ndipo afungue faili. Wiki ya zamu mwalimu asidaiwe insha. Ujumbe wa WhatsApp wa kudai takwimu usitumwe baada ya saa kumi na mbili jioni, na takwimu iliyokwisha kutolewa mara moja isiombwe tena kwa fomu nyingine. Na wazazi, kwenye siku ya kufungua shule, badala ya "Amekuwa wa ngapi?" waulize "Ni kitu gani bado hajakiweza?" Mwalimu mwenye daftari atajibu kwa sekunde chache, na asiye nalo ataona haja ya kuwa nalo.

Kikao cha kuyaamua haya kifanywe siku walimu wanaporipoti, kabla ya watoto kuingia. Kikiahirishwa hadi wiki ya 3, majedwali ya zamani yatakuwa yameshachapishwa na kugawiwa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kisauni, Mombasa